Watatu, Tumbo Moja

Kwetu Val de Corça, kaskazini mwa Ureno,
kuta za mashamba hazina saruji.
Jiwe hushika jiwe kwa ubapa na kwa uzito,
na milozi husimama juu yake miaka mia.
Baba alikuwa fundi wa kuta hizo.
Ndani yake mwenyewe
ukuta mmoja ulikuwa umeanza kuachia.

Bibi Felisbela alipokufa, wakasema moshi:
zile soseji alizotundika juu ya meko kila Desemba.
Shangazi Leontina, wakasema huzuni;
mume alikwenda Ufaransa, ikaja kadi moja tu.
Amadeu, miaka ishirini na tisa, hanywi, havuti,
wakakosa la kusema, wakasema husuda.
Baba, wakasema kisima.
Tukakifukia.
Maji yake yalikuwa matamu.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Chetu kilikuwa ndani kuliko nguo.

Daktari wa Porto alituchorea nyuma ya bahasha.
Kila jeni unayo mara mbili, alisema,
nakala ya mama, nakala ya baba.
Hii huunda protini inayoshikanisha seli za tumbo.
Kwenu, katika nakala moja, herufi imedondoka.
Ile nzima inatosha,
mpaka siku nayo ichoke mahali fulani, katika seli fulani.
Hapo seli huachana mikono.
Hazijengi uvimbe. Hutawanyika mojamoja
chini ya utando, chumvi ndani ya unga,
na mpira wenye kamera hupita juu yake
ukasema pako shwari.

“Kwa hiyo ni lazima?” aliuliza Ermelinda.
“Si lazima. Ni hatari, na ni kubwa, lakini si hukumu.
Wapo walioibeba hadi uzeeni
wakaja kufa kwa kuteleza ngazini.”
Adérito akacheka peke yake.

Bahasha tatu, Oktoba.
Adérito, anayo.
Ermelinda, anayo.
Mimi Custódia, kitinda mimba,
niliyeugua kila kitu utotoni, surua, kifaduro, masikio,
sina.
Nililitamka taratibu kama mtu anayekiri wizi.
“Na pua ya mama ukaichukua wewe,” kaka akasema.

Tulitoka tumbo moja, la mama.
Herufi ilikuwa ya baba.
Sasa tu watatu, na matumbo mawili.

Lake walilitoa Februari, lote,
milozi ikiwa imechanua mpaka barabarani.
Hakuwa na maumivu, hata kiungulia.
Maabara walilikata vipande vyembamba kama karatasi
wakahesabu vidoa kumi na kimoja,
vidogo, vimelala,
vikingoja nini hatujui.
Ermelinda aliomba kuisoma ripoti mwenyewe.
Akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kopo la kahawa.

Adérito alikataa kisu.
Kila mwaka hupanda treni kwenda kumeza kamera
na kurudi na jibu lile lile: hatujaona kitu.
Hajaona si hakipo, nilimwambia.
Akanitazama muda mrefu.
Wewe, akasema, usinihesabie.

Yai moja la dada huanza na taarifa ya habari
na kwisha baada ya hali ya hewa.
Kijiko, anangoja. Kijiko, anangoja.
Mara sita kwa siku.
Mafalda wake ana miaka kumi na sita;
jana, akimenya viazi, aliuliza bila kuinua kichwa
watampima lini.
“Ukifika kumi na minane. Ukitaka.”
“Na ni nusu kwa nusu?”
“Nusu kwa nusu.”
Aliendelea kumenya. Maganda yake ni marefu, hayakatiki.

Nimezoea kula kwa mwendo wa Ermelinda.
Supu yangu imepoa, mafuta yameganda pembeni,
na njaa ninayo, nzima, ya aibu.
Nje Adérito anarudishia ukuta ulioanguka kwa mvua.
Namsikia akiokota jiwe, akiligeuza,
akiligeuza tena,
akitafuta ubapa.